Muuza tangi asiuze samaki siku hiyohiyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye maduka ya samaki wa mapambo hapa Uganda. Zaidi ya hao, niseme na mtu ambaye mwisho wa mwezi huu ataingia dukani na pesa yake mkononi, anataka tangi dogo la maji ya chumvi lenye matumbawe na samaki wa baharini. Mwaka juzi mtu huyo nilikuwa mimi.

Mama yangu ni mtu wa Tanga. Utotoni tulikwenda kwao wakati wa likizo, na maji yakitoka bamvua mjomba alinichukua mwambani. Alinionyesha samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mgongoni, wanaojificha ndani ya mikono ya ua la bahari, mnyama laini wa mwambani anayefanana na ua. Alinikataza kukanyaga tumbawe hata moja. Aliniambia lina uhai kama mimi. Hapa Jinja tuko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka bahari ile, na binti yangu Zuhura hajaiona. Nilitaka aione sebuleni.

Nilikwenda Kampala nikanunua tangi la sentimita 60 kwa 36 kwa 36, chumvi ya pakiti, taa, pampu na samaki watatu, vyote kwa safari moja. Muuzaji aliniambia nichanganye chumvi, nisubiri maji yatulie saa chache, kisha niwatie. Siku ya tatu walikuwa wamejikusanya juu ya maji wanahema kwa nguvu. Siku ya tano akafa wa mwisho. Zuhura alikuwa na miaka 8, na alidhani amewaua yeye kwa kuwalisha vibaya. Mimi nafundisha biolojia, na jioni ile sikuwa na la kumwambia mtoto.

Leo ninalo. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua wanayohemea, na chakula kinachooza chini ya tangi huongeza nyingine. Amonia huunguza matamvua hayohayo. Baharini maji ni mengi, na kila jiwe na kila chembe ya mchanga imefunikwa na bakteria. Wapo wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wapo wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na mfugaji huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Tangi lililotoka dukani asubuhi halina bakteria hao wa kutosha. Wanahitaji kama wiki nne hadi sita kujaa kwenye mawe na mchanga, na hakuna pampu wala taa, hata iwe ya bei gani, inayoshika nafasi yao.

Mara ya pili nilianza bila samaki. Nilipanga kilo saba za mawe makavu yenye matundu, nikaweka mchanga, nikajaza maji ya chumvi na kuwasha hita na pampu. Halafu nikatia kidogo mukene (dagaa wa ziwani) uliosagwa, uoze. Mke wangu alilalamikia harufu, na ilikuwa haki yake. Nilipima maji kila baada ya siku mbili na kuandika kwenye daftari. Siku ya 9 amonia ilikuwa miligramu 3 kwa lita. Siku ya 17 nitriti ilipanda na amonia ikaanza kushuka. Siku ya 38 zote mbili zilisoma sifuri. Nikatia mukene kidogo tena, na kesho yake bado sifuri. Siku hiyo ndiyo nilijua nina tangi. Wiki zote sita Zuhura alikuwa akisoma rangi za vipimo pamoja nami, na alizielewa kuliko wanafunzi wangu wengi wa kidato cha pili.

Kuhusu chumvi niseme kwa kirefu, maana hapa watu wengi hukosea. Jirani yangu, mzee wa Kasese, alinishauri kwa nia njema nitumie chumvi ya Katwe: ni ya kwetu, ni rahisi, na ziwa lenyewe ni chumvi tupu. Nilimshukuru, lakini sikuifuata. Maji ya Katwe yana kabonati na salfeti nyingi, na kalsiamu yake ni haba sana. Matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu, na maji ya bahari yana kama miligramu 400 katika kila lita, pamoja na magnesiamu inayokaribia 1,300. Chumvi ya mezani nayo haifai kwa sababu hiyohiyo. Lazima iwe chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari, na maji yapimwe kwa kipimachumvi mpaka yafike 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Tangi langu, baada ya mawe kuchukua nafasi yao, lilikunywa kama kilo mbili na nusu.

Maji ya kuchanganyia nayachuja kwa mtambo wa utando, unaoyasukuma kupita kwenye matundu madogo mno. Maji ya bomba yana klorini, na yale ya mvua yaliyopita kwenye mabati siyaamini. Yakipungua tangini kwa kukauka, ongeza maji matamu tu, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Hubaki ndani na kukolea. Tangi dogo hukolea upesi. Nimechora mstari kwenye kioo kwa kalamu, na kila asubuhi kabla ya shule Zuhura hujaza mpaka pale.

Hita pia inahitajika, hata kama watu husema Uganda ni nchi ya joto. Usiku Jinja hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na matumbawe yanataka 25 au 26 bila kuyumba. Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, kwa hiyo weka pampu ndogo ya betri karibu.

Jambo moja linanigusa sana. Msimwombe ndugu wa Mombasa au Tanga awavunjie tumbawe mwambani alitie kwenye begi la basi. Matumbawe magumu yanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Yapo yanayokatwa kutoka kwenye matumbawe yaliyokuzwa tangini, na samaki wangu wawili wa sasa walizaliwa tangini pia. Yale ya mwambani yaacheni pale alipoyaacha mjomba.

Ndugu zangu wenye maduka, uzeni tangi, uzeni chumvi na vipimo, halafu mwambieni mteja aozeshe mukene kidogo tangini kama nilivyofanya mimi, arudi baada ya wiki sita na chupa ya maji yake. Yapimeni mbele yake. Amonia ikisoma sifuri na nitriti sifuri, mpeni samaki mmoja. Ikisoma vingine, aende nyumbani mikono mitupu, hata kama pesa ameshika. Najua biashara ni ngumu na kodi ya chumba haisubiri, lakini mteja wa samaki watatu waliokufa harudi tena. Mimi kwenye duka lile sikurudi.

Mtu wa Jinja ambaye tayari ana tangi na hana vipimo, aje kwangu Jumamosi baada ya adhuhuri. Ofisi yako, Mhariri, nimeiachia anwani. Aje na chupa safi isiyooshwa kwa sabuni. Zuhura atampimia.

Baba Zuhura,
Walukuba, Jinja