Lugha ya kigeni haisomwi kwa siku 30

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile makala ya ukurasa mzima iliyoahidi kwamba mtu yeyote anaweza kujua lugha ya kigeni kwa siku 30. Naamini unaikumbuka.

Tuanze na hesabu, maana mwandishi wenu hakuigusa. Siku 30 zina saa 720, usingizi ukiwemo. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha huwatengea wiki 88, yaani saa 2,200 za darasani, wanaosoma Kijapani, Kichina, Kikorea au Kiarabu. Hata Kifaransa na Kihispania, ambazo hazipo mbali na Kiingereza chao, huchukua takriban wiki 24 hadi 30. Na hao ni watu wanaolipwa mshahara ili wasome. Mfanyakazi mwenye nusu saa tu kabla ya kulala atatimiza saa 2,200 baada ya miaka 12.

Makala ilimwaga sababu za kujifunza lugha kwa mkupuo: kazi, masomo, safari, kuchangamsha ubongo. Sawa, lakini sababu ndiyo inayoamua usome nini. Muuguzi anayetaka kuajiriwa Ujerumani kwa kawaida hudaiwa kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za ujuzi wa lugha, na lazima asikilize, asome, aandike na azungumze. Mtafiti anayetaka kusoma majarida ya Kijerumani tu anaweza kuacha kabisa mazoezi ya kuzungumza, muda wake wote akaumalizia kwenye sentensi ndefu na msamiati wa fani yake. Ukiwauzia hawa wawili kozi moja, mmoja ametupa fedha.

Kilichonikera zaidi ni ule ushauri wa kukariri maneno 50 kwa siku. Hivi aliyeuandika amewahi kuujaribu? Neno jipya halikai kichwani kwa kulisoma mara moja. Hurudiwa, tuseme, baada ya siku 1, 3, 7, 14 na 30. Mwenye kuingiza maneno 50 kila siku, ikifika siku ya 15 anadaiwa kadi 200 za marudio (kila neno na kadi yake), na siku ya 31 zimekuwa 250, bado hujahesabu alizokosea wala hizo 50 mpya. Ndiyo maana wengi huacha wiki ya tatu, kisha wanajilaumu kwamba hawana kipaji! Maneno 10 hadi 15 yanabebeka, tena kila neno liandikwe ndani ya sentensi kamili: nomino ya Kijerumani pamoja na jinsia yake, neno la Kichina pamoja na toni yake. (Jinsia za nomino zisimtishe msomaji wa Kiswahili. Anayepatanisha ngeli tangu utotoni ana mazoezi ya kutosha.) Kinachomkwamisha kipo kwingine. Masikio yake yamezoea irabu tano na silabi zinazoishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti zikifuatana huchomeka irabu katikati, na mkazo huupeleka silabi ya pili kutoka mwisho hata pale usipostahili.

Kijana mmoja ninayemfahamu alimaliza kozi ya namna hiyo ya Kifaransa, akiwa na maneno yake 1,500. Mwajiri akampigia simu. Mazungumzo hayakufika dakika mbili. Mengi ya maneno aliyoambiwa alikuwa nayo, ila hakuyasikia, kwa sababu Mfaransa huunganisha mwisho wa neno na mwanzo wa linalofuata, na programu ilikuwa ikimsomea neno mojamoja, polepole. Dawa yake inajulikana, ingawa haipendezi kwenye tangazo. Chukua rekodi ya dakika mbili yenye maandishi. Isikilize mara tatu bila kuyatazama. Kisha yafungue, upigie mstari kila ulichokosa kukisikia, halafu soma kwa sauti ukimfuata msemaji nyuma kwa nyuma. Jirekodi na ulinganishe. Kesho rudia rekodi ileile kabla ya kugusa nyingine.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, nigusie matangazo ya kazi mnayoyachapisha. “Awe na ufasaha wa Kifaransa.” Ufasaha upi? Viwango vya A1 hadi C2 vilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, vinaeleza mtu anaweza kufanya nini katika kila ngazi, lakini waajiri wanajifanya havipo. Wengine hudai cheti kipya kwa mtu mwenye DELF, diploma rasmi ya Kifaransa, ambayo haina tarehe ya kuisha. Wameichanganya na IELTS, mtihani wa Kiingereza, ambao matokeo yake kwa kawaida huhesabiwa kuwa halali kwa miaka miwili.

Napendekeza hivi. Mpeni mwandishi wenu siku 30 za Kijapani. Siku ya 31 apigiwe simu na Mjapani, dakika kumi, mada asiijue kabla na asiwe na karatasi mbele yake, kisha mchapishe mazungumzo yote bila kuyahariri. Mkiliona hilo ni zito, basi chini ya kila kichwa cha habari cha aina ile wekeni idadi ya saa zinazohitajika, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa kichwa chenyewe.

Mwalimu wa lugha