Kalamu imelia almasi, lakini kingo zinaonekana mbilimbili

Wateja wetu wengi siku hizi wanakuja na swali lile lile, mtu kanunua pete ya almasi au ndo anataka kununua, kapima na ile kalamu ya kupimia almasi ikawaka taa na kulia vizuri tu, sasa anataka tumwambie kama bei aliyotajiwa ni halali. Sisi kabla hatujaongelea bei tunachukua lenzi ya mara 10 tunaangalia kwanza kingo za jiwe, yani mistari pale nyuso zake ndogo zinapokutana, kwa sababu kalamu peke yake haitoshi, na inauma sana kuona mtu katoa akiba yake yote kwa kuamini mlio.

Kalamu ya kawaida inapima joto. Almasi inapitisha joto haraka kuliko karibu kila kitu, kwa hiyo kioo na zirkonia, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, vinafeli hapo hapo. Shida ni moisanaiti, jiwe la kutengenezwa maabara ambalo limeingia sokoni kama kito mwishoni mwa miaka ya 1990, nalo linapitisha joto vizuri kiasi kwamba kalamu inalikubali. Ni jiwe zuri, gumu, linameremeta, na anayeliuza kwa jina lake hana kosa lolote, ila bei yake na ya almasi haziko hata karibu.

Sasa kinacholifichua ni mwanga. Kuna mawe ambayo mwanga ukiingia ndani unagawanyika mionzi miwili, kila mmoja na spidi yake na unapinda kwa kiasi chake, kwa hiyo ukitazama kitu kupitia jiwe hilo unakiona mara mbili. Mtu wa kwanza kuliandika vizuri jambo hili ni Rasmus Bartholin wa Denmark mwaka 1669, alitumia kalsaiti angavu kutoka Iceland, ukiliweka jiwe lile juu ya maandishi kila mstari unakuwa miwili, hata lenzi huhitaji. Almasi haifanyi hivo kwa sababu atomi zake zimepangwa sawasawa pande zote, mwanga ukipita huku au kule unakuta hali ile ile. Moisanaiti mpangilio wake unatofautiana kwa uelekeo, na tofauti ya kupinda kati ya mionzi yake miwili ni kama 0.043, ambayo kwa lenzi inaonekana waziwazi.

Namna ya kuangalia: futa jiwe kwanza, mafuta ya vidole yanasumbua, alafu usitazame moja kwa moja kupitia uso wa juu. Hapo ndo wengi wanapopotea, kwa sababu moisanaiti huwa inakatwa makusudi ili ukitazama wima kutokea juu usione kitu. Inamisha jiwe, tazama kupitia zile nyuso ndogo za pembeni, peleka macho mpaka kwenye kingo za upande wa chini. Ukiona kila mstari una pacha wake pembeni, yani kama reli, hiyo siyo almasi, hata kalamu ilie mpaka kesho. Na ukiona mstari mmoja mmoja usishangilie bado, zirkonia nayo inaonyesha mmoja, ndo maana vipimo vyote viwili vinaenda pamoja. Almasi ya maabara pia inaonyesha mmoja kwa sababu ni almasi kweli, hiyo kuitenganisha na ya mgodini inahitaji mashine kubwa za maabara, lenzi hapo haina msaada.

Kwa mawe yetu ya rangi kazi ni hiyo hiyo. Spineli nyekundu ya Mahenge na rubi vinachanganywa sana, lakini spineli haigawi mwanga na rubi inagawa. Tofauti ya rubi ni ndogo, kama 0.008, lenzi inaweza isikuonyeshe, kwa hiyo tunaliweka jiwe katikati ya vichujio viwili vya polaroidi, yani vinavyopitisha mwanga wa uelekeo mmoja tu, vilivyopishana mpaka giza, tunalizungusha taratibu: rubi inawaka na kuzima mara 4 kwa mzunguko mmoja, spineli inabaki giza. Tunageuza jiwe pande kadhaa kabla ya kusema neno, maana hata rubi ina uelekeo mmoja ambao mwanga haugawanyiki, na kioo kilichopoa vibaya kinaweza kutoa vivuli vinavyojikunja ukadhani ni jibu.

Tanzanaiti nayo inagawa mwanga kidogo tu, kama 0.009. Ukiuziwa jiwe dogo la bluu-zambarau eti limetoka Mirerani alafu kingo za nyuma zinaonekana mbilimbili kirahisi, shtuka, kuna forsteraiti ya kutengenezwa inayouzwa kama tanzanaiti na yenyewe ni kama 0.034. Mwenye hela ya jiwe kubwa ndo anatakiwa kuwa mkali zaidi hapa.

Pete iliyofungwa upande wa nyuma inatubana, mwanga haupiti, hapo tunaangalia kingo kwa lenzi tu na tukiona hazitupi jibu tunakwambia wazi kwamba jiwe litolewe kwanza na sonara. Kwa hiyo kama bado unajadiliana na muuzaji, mwombe mje wote na jiwe likiwa halijafungwa, tunapima mbele yenu na lenzi unashika mwenyewe.