Tunda limeiva kiasi gani? Waulizeni wagonjwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wenye matumbo yanayosumbua wanaambiwa tu "kula matunda" basi, hakuna anayewauliza yameiva kiasi gani, na hapo ndo penye ishu. Chukua ndizi, ikiwa bado ngumu ina wanga mwingi usiomeng'enywa kwenye utumbo mdogo, ikiiva wanga unageuka sukari lakini fruktani (aina ya wanga ambao mwili wetu hauwezi kuumeng'enya) nazo zinaongezeka, bakteria wa utumbo mpana wakizipata wanatoa gesi na mwenye tumbo nyeti anavimba anaumwa kweli kweli. Ndo maana wengine ndizi ngumu kidogo inawakaa vizuri kuliko yenye madoa meusi, japo mbichi kabisa nayo inaweza kujaza gesi. Wataalamu wa lishe jamani, mkitoa ushauri semeni na hilo.