Amani, nisaidie na ukuta wa chumba cha mama

Ndugu yangu Amani,

Salamu kutoka Goma. Sisi tuko wazima. Wewe na mama watoto muko aje huko Kadutu, Bukavu? Najua nimenyamaza sana, Bahati atakuwa amekueleza. Leo nakuandikia kwa sababu ya mama.

Tangu ahamie kwetu, baridi ya usiku inamtesa. Nyumba unaijua: mbao juu ya mawe ya volkeno, kama nyingi zilizojengwa haraka baada ya lava ya 2002. Mbao za chumba chake zimekauka na kuachana, kidole kinapita. Alfajiri upepo unaingia mpaka pazia linacheza. Basi yeye anaingiza mbabula, lile jiko la makaa, chumbani, anafunga mlango na dirisha, analala. Amani, hapo mimi silali! Ile hewa ya makaa inayoua haina harufu wala rangi. Nikimwambia, ananijibu kwamba mbabula ndiyo imetulea sote.

Fundi anataka kupigilia frigoliti, ile plastiki nyeupe nyepesi kama povu, kwa nje, halafu mabati juu yake. Kweli inazuia baridi, lakini inashika moto upesi na moshi wake ni sumu, na nyumba za hapa zimegusana. Unakumbuka yaliyompata Mama Sifa. Nimekataa.

Mimi nawaza tupige mbao za pili kwa ndani, katikati tujaze vijiwe vyepesi vya volkeno, vile vyenye matundu. Hewa iliyotulia ndani ya matundu ndiyo inayokinga baridi, na jiwe haliungui. Unga wa mbao ningeupata bure kwa seremala, ila unaungua, na ukinyonya mvua unaoza. Ninachoogopa ni uzito. Tena kule chini, mvua inaporusha maji ukutani, vijiwe vikilowa havitakinga kitu.

Sasa niambie: mbao zitahimili au zitafutuka? Nguzo ziachane kiasi gani? Niache nafasi ya sentimita ngapi? Plastiki ikae upande gani, ili unyevu usifungiwe ndani? Na nyufa zote zikizibwa, tutoboe wapi pa kupitishia hewa? Maana mbabula hataiacha usiku wa kwanza, namjua. Lile bomba la moshi la kwa Bahati linaweza kufaa?

Unaweza kupanda boti Jumamosi? Nauli ni juu yangu, na mama ameshasema atakupikia visamaki vya sambaza.

Ndugu yako,
Espoir