Babu aliyehesabu viatu

Kaloleni, Nairobi
14 Juni 2016

Dada yangu mpendwa Rehema,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Rambirambi zako zilitufikia siku moja kabla ya mazishi, na Nyanya aliniomba nimsomee mara mbili. Kwa kuwa hukuweza kufika, nimeona nikuandikie juu ya Babu, maana wasifu uliosomwa kanisani ulitaja miaka yake 93, kazi yake ya reli na idadi ya wajukuu, ukaishia hapo.

Je, unakumbuka viatu? Uliwahi kulala kwetu tulipokuwa shuleni, ukacheka kumwona mzee mzima ameinama mlangoni na tochi, akigusa kila jozi kwa ncha ya fimbo huku midomo ikimchezacheza. Alikuwa akituhesabu. Jozi moja ikipungua, hakufunga komeo; alikaa kwenye kigoda mpaka mwenye viatu arudi, na wala hakumkaripia. Mimi nilidhani ni ukali tu, na kwa kweli ulinichukiza miaka mingi, hasa usiku ule niliochelewa kutoka harusini.

Mwaka jana ndipo aliponieleza, tulipokwenda kununua nyama katika soko la Burma. Jina hilo, ambalo sisi hulitamka pasipo kulifikiria, lilimsimamisha njiani. Alijiunga na Keya, yaani jeshi la Waingereza la KAR hapa Afrika Mashariki, mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 19, na mwaka 1944 kikosi chake, kilichokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kiliteremka bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua za monsuni, matope yakiwafika magotini na malaria ikilaza watu wengi kuliko risasi. Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambako wahandisi walitandaza daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350. Daraja hilo alilisimulia kwa fahari, hadi jinsi lilivyolia chini ya malori. Kisha akanyamaza. Kila jioni, akasema baadaye, sajini aliita majina, na jina lisipoitikiwa liliitwa mara moja tena, basi.

Nishani yake, ile nyota ya pembe sita, tuliikuta katika mkebe wa Kimbo pamoja na misumari na minyororo ya baiskeli. Mjomba alitaka iwekwe juu ya jeneza. Nyanya alikataa, akasema kwamba ikiwa mwenyewe aliiweka na misumari, ibaki na misumari, nami nakubaliana naye.

Usiku wa mwisho wa matanga nyumba ilifurika wageni, na viatu vilifika hadi uani. Usingizi uliponikataa, nilichukua tochi na fimbo yake, nikaenda mlangoni nikahesabu jozi 41. Nyanya aliniuliza kutoka gizani kama wote wamerudi. Nilimjibu kuwa wamerudi, nikafunga komeo.

Ni mimi rafiki yako,
Neema