Spika za amplifaya ya valvu zisichaguliwe kwa wati pekee

Mhariri,

Wauzaji wengi wa vyombo vya muziki hapa Mombasa humtajia mnunuzi wati pekee, ilhali mwenye amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), kama ile yenye valvu moja ya aina ya 300B kila upande inayotoa takribani wati 8, anapaswa kwanza kuuliza spika hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 87 huhitaji wati 10 ili ifikie sauti ambayo ile ya 97 huitoa kwa wati moja tu, na taarabu, ambayo sauti ya mwimbaji hupanda ghafla juu ya fidla, hukwaruza mara amplifaya inapozidiwa. Omu za spika, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, nazo zisishuke mno. Nawaomba wauzaji wabandike takwimu hizo, na wamruhusu mnunuzi aijaribu spika dukani kwa amplifaya yake mwenyewe.

Mpenzi wa taarabu,
Mombasa