Risala ya wauza mbegu adimu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, wanakikundi na wageni wote mliofika, karibuni sana. Karatasi hii nimepewa asubuhi hii hii nisome kwa niaba ya wenzangu, kwa hiyo nikikwama mtanisamehe, mwandiko ni wa katibu.

Mheshimiwa, watu wakisikia wauza mbegu adimu wanadhani tuna maghala. Hamna kitu, duka la wengi wetu ni droo moja ya friji, ndani vibahasha vya karatasi vimeandikwa kwa penseli jina la mmea na tarehe ya kuvuna, basi. Mbegu za okidi zenyewe ni kama vumbi, ukipiga chafya mtaji umekwenda. Tunauza kumi kumi, ishirini ishirini, kwa wapenzi wa mimea waliotawanyika dunia nzima, na njia yetu ni posta.

Sasa hiyo posta ndiyo imebadilika. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 mbegu za kupanda zinazoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje lazima ziwe na cheti cha afya ya mimea, na kwa upande wa matunda yaliachwa matano tu, nanasi, nazi, ndizi, durian na tende, yaani nanasi zima linapita ila mbegu tano za kaktasi zinazuiwa mlangoni. Januari 2021 Uingereza nayo, baada ya kutoka kwenye Umoja huo, ikawa nje ya uzio, watu waliozoea kutumiana vibahasha na majirani zao kama barua wakaanza kuulizana cheti kinapatikana wapi. Katikati hapo, 2020, Wamarekani wakaanza kupokea vifurushi vya mbegu ambavyo hawakuagiza, vingi vikionekana vimetoka China, na haukupita muda Amazon ikafunga mlango kwa mbegu za kutoka nje kwenda Marekani. Sisi ambao hatukutuma hata punje tukafungiwa pamoja na waliotuma.

Mheshimiwa, cheti hatukipingi, wadudu na magonjwa yanasafiri na mbegu kweli. Kinachotuumiza ni kwamba ada inalipwa kwa mzigo, haiangalii mzigo una thamani gani, kwa hiyo anayesafirisha magunia na mwenye kibahasha cha mbegu kumi wanapanga foleni moja na ada kwa huyu wa pili inazidi bei ya mbegu zenyewe. Mwenzetu mmoja alipata oda ya mbegu za jamii ya mitende, zile ambazo zikikauka zimekufa, akazifunga kwenye vumbi la nazi lenye unyevu, akalipa kila kitu, zikakaa forodhani wiki tatu kisa karatasi moja haina muhuri. Mteja kufungua, ukungu mweupe kama pamba. Akarudisha hela zote, na ada ndio imeshakwenda hiyo.

Halafu kuna CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, wa 1973 ulioanza kazi 1975, na huu unachanganya hata wazoefu. Mbegu za kaktasi nyingi zilizo kwenye Kiambatisho cha Pili, yaani orodha ya mimea ambayo biashara yake inasimamiwa tu, ziko huru, isipokuwa zikitoka Meksiko. Zilizo Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya iliyo hatarini zaidi, zinahitaji kibali hata kama ni punje moja, hata kama mmea mama umeuotesha mwenyewe kwenye kopo la rangi. Unajieleza kwa afisa, naye ana orodha mbele yake, unaona kabisa hamuelewani.

Na hapa tuseme ukweli hata kama wengine mtanuna. Humu ndani wapo wanaonunua mbegu kwa majangili na kuandika "za kitaluni". Wapo pia matapeli. Kuna saikadi, mmea wa kale unaofanana na mtende, inaitwa Encephalartos woodii, ilipatikana 1895 Afrika Kusini, mmea dume mmoja tu, jike halijawahi kuonekana mpaka leo, sasa mtu akikuuzia mbegu halisi za hiyo wewe mkimbie. Lakini mheshimiwa, anayeweza kununua mbegu ya kitaluni kwa urahisi hana sababu ya kutafuta mmea uliong'olewa porini, ukimbana huyu wa mbegu unampa jangili mteja.

Ombi letu ni moja. Marekani wana kibali cha mbegu kidogo: pakiti isizidi mbegu 50 au gramu 10, pakiti zisizidi 50 kwa mzigo, orodha ya majina iwe ndani, mimea iliyozuiwa haimo, na cheti cha afya ya mimea hakidaiwi. Mizigo inakaguliwa vilevile. Tunaomba ukikaa na wanaotunga kanuni uwaeleze mpango kama huo, na ada ifuate ukubwa wa mzigo.

Kuna kibahasha chako pale mezani, mheshimiwa. Jina na tarehe viko kwa penseli, usikiweke juani.

Naomba kuwasilisha.